Maswali na majibu: Fanicha za paini Uingereza, tafadhali acheni kuzichubua

Wiki hii nachukua ya paini tu maana mlioko Uingereza mmeniletea mengi na karibu yote yanazunguka palepale.

*Nimepata kabati la droo la paini la zamani hapa Leicester, lina rangi ya kahawia imefubaa. Nitumie dawa gani kuitoa mbao ionekane?*

Usiitoe. Hili swali limeshakuja mara nyingi mno na jibu halibadiliki. Enzi za Malkia Victoria paini ilikuwa mbao ya bei rahisi, ilikuja kwa meli kutoka Norway na bandari za Baltiki kama Riga, seremala anapiga kabati la jikoni au la chumba cha mtumishi halafu linapakwa rangi, au fundi rangi anachora juu yake mistari ya kuiga mwaloni na mahogani. Hata matajiri walikuwa nayo, ila imefichwa ndani, juu yake wamebandika ganda jembamba la mahogani. Kwa hiyo mbao tupu mnayoiita "asili" ni fasheni ya miaka ya 1960 na 1970, watu wa kipato cha kati walipoanza kununua nyumba chakavu za Victoria London na kuzikarabati, na Habitat, duka la fanicha la Terence Conran lililofunguliwa 1964, lilishawazoesha vitu vyepesi visivyo na madoido. Hapo ndipo makabati na milango ya watu ikaanza kutumbukizwa kwenye matanki ya kostiki soda, kemikali kali inayochubua rangi. Rangi iliyokaa miaka mia ikaisha kwa siku moja, na hairudi! Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka nta kidogo, basi. Na usilipige msasa mkavu, rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ukiwa na watoto ndani ndo kabisa.

*Kwani hilo tanki linaharibu nini?*

Gundi. Ya zamani ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kostiki inaila, viungo vinalegea, mbao inaota manyoya, na isiposuuzwa vizuri inatoa unga mweupe hata baada ya miezi.

*Ni paini ileile ya Sao Hill, kule Mufindi, Tanzania?*

Hapana. Ya Mufindi nyingi ni Pinus patula, asili yake Mexico. Ya Ulaya kaskazini ni Pinus sylvestris, na hiyo inaota yenyewe mpaka Scotland.

*Nitajuaje ni ya zamani kweli?*

Mnatuma picha ya mbele tu kila siku, mbele inasaidia nini? Chomoa droo. Angalia meno yanayounganisha pembe zake, ya mkono hayalingani sana, angalia chini kama pameliwa kwa kuvutwa na kurudishwa miaka na miaka, angalia na mgongo wa kabati. Ila tahadhari, wapo wauzaji wanachukua mbao za sakafu za nyumba zilizobomolewa wanapiga meza mpya wanaiita ya zamani. Mbao ni kweli kuukuu, meza ni ya juzi, na bei wanakutoza ya zamani.

*Kuna vitobo vidogo, ni wadudu?*

Ni wadudu, ila huenda walishaondoka. Ukiona unga mpya chini yake, bado wamo, itibu fanicha kabla hujaiingiza ndani.

*Mume wangu anataka tutupe kitanda cha paini cha miaka ya tisini, kina rangi ya machungwa, tununue cha chipboard (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi).*

Mwambie shemeji asubiri. Ile rangi ni vanishi pamoja na paini yenyewe inayokolea kwa mwanga, na ilijaa kila nyumba miaka ile, IKEA, maduka ya fanicha ya Kiswidi, nayo ilikuwa imeshaingia Uingereza tangu 1987 pale Warrington, ndo maana watu wameichoka. Hicho sasa ndo cha kupiga msasa, vaa barakoa, ondoa vanishi, kipake rangi mnayoipenda, hakuna historia mnayoifuta hapo. Ni mbao nzima, skrubu ikilegea unaziba tundu kwa kijiti na gundi unafunga upya. Chipboard tundu likishamomonyoka pembeni ni kazi kweli kulirudisha.