Bekapu ya PostgreSQL bila kuzima seva

Swali: Ninasimamia hifadhidata ya PostgreSQL 15 ya kampuni ya kusambaza dawa. Oda zinaingia usiku na mchana, hivyo uongozi hautaki tuzime. Kila saa nane usiku nanakili folda ya data kwa rsync (programu ya kunakili faili) huku seva ikifanya kazi. Juzi nimejaribu kurejesha nakala kwenye mashine ya majaribio, imegoma kuwaka. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, hongera kwa kujaribu kurejesha kabla ya janga. Wengi hugundua siku data imeshapotea.

Tatizo ni kunakili faili zinazoendelea kuandikwa. Rsync ikianza saa nane na kumaliza saa nane na nusu, jedwali la oda umelichukua likiwa la saa nane na dakika tano, la stoo la saa nane na ishirini. Hata ukurasa mmoja wa KB 8 unaweza kuchukuliwa ukiwa umeandikwa nusu. Nakala ya namna hiyo hata ikiwaka usiiamini, maana unaweza kukuta dawa imetoka ghalani bila oda.

Dawa yake iko ndani ya PostgreSQL yenyewe. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye logi iitwayo WAL, ndipo faili za majedwali ziguswe. Ukiwa na logi zote za muda ule wa kunakili, nakala iliyopishana inanyooshwa wakati wa kurejesha. Amri hii inachukua vyote viwili, faili na logi, na mauzo yanaendelea:

pg_basebackup -D /nakala/jumapili -Ft -z -X stream -P

Mtumiaji anayeiendesha awe na haki ya REPLICATION.

Kisha hifadhi logi mfululizo, kwa kuweka haya kwenye postgresql.conf:

archive_mode = on
archive_command = 'test ! -f /mnt/wal/%f && cp %p /mnt/wal/%f'

Hapo utalazimika kuwasha seva upya mara moja. Omba dakika hizo chache. Na /mnt/wal iwe kwenye mashine nyingine. Baada ya hapo, mtu akifuta bei zote saa 5:42 asubuhi, unarejesha nakala ya Jumapili, unaweka restore_command (amri ya kurudisha logi), faili tupu la recovery.signal la kuiambia seva ianze kurejesha, na recovery_target_time ya saa 5:41 (kwenye seva andika 11:41). Pg_dump, zana ya kutoa data nje, nayo haisimamishi mauzo, ila itakurudisha pale ilipoanza tu. Oda zote za baadaye zimekwenda.

Tahadhari moja naisisitiza sana. Archive_command ikishindwa, PostgreSQL haifuti logi, inazirundika za MB 16 kila moja. Nimewahi kuitwa Jumatatu asubuhi mahali ambapo diski ya mtandao ilikatika Ijumaa: folda ya logi, pg_wal, ilikuwa imejaza diski na seva imezimika. Kila asubuhi angalia failed_count na last_archived_time kwenye pg_stat_archiver.

Jaribio lako la kurejesha lirudie kila mwezi, na pima muda, ili uongozi ukiuliza mtakaa gizani dakika ngapi uwe na jibu.