Kabla hujamhukumu mhusika, subiri

Kwanza tahadhari: nitataja yaliyotokea katika tamthilia mbili za runinga, Game of Thrones na Breaking Bad. Kama hujazitazama na unakusudia kuzitazama, ishia hapa.

Jaime Lannister, askari katika Game of Thrones, nilimchukia tangu sehemu ya kwanza kabisa, ile ya 2011, alipomsukuma mtoto dirishani ili siri yake isitoke nje. Wenzake walimwita Muua-Mfalme, nami nikaona jina limemfaa. Kisha ikaja sehemu ya tano ya msimu wa tatu, 2013. Mkono wake umeshakatwa, yuko bafuni na Brienne, shujaa wa kike anayesafiri naye, amedhoofika, na ndipo anasimulia kwa nini alimuua mfalme ambaye yeye mwenyewe aliapa kumlinda: mfalme alikuwa ameamuru mji mzima uteketezwe pamoja na watu waliomo. Anapozimia, Brienne anaita msaada kwa lile jina la kejeli. Naye, kwa sauti ya mgonjwa, anamsahihisha: anaitwa Jaime.

Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini hapo ndipo ninapomshauri mtazamaji ajiulize: huyu amebadilika, au ni mimi niliyechelewa kuambiwa? Kisa cha mfalme kilitokea miaka mingi kabla ya tamthilia kuanza. Pale bafuni hakuna alichokitengeneza, na miguu ya yule mtoto haikupona.

Linganisha na Walter White, mwalimu mwenye saratani anayeanza kupika dawa za kulevya, akisema ni kwa ajili ya familia yake. Karibu na mwisho wa msimu wa pili wa Breaking Bad, 2009, anamkuta Jane amelala kando ya mpenzi wake Jesse, kijana anayepika dawa na Walter, wote wamelewa dawa. Jane anageuka chali, anatapika, anaanza kupaliwa. Walter anasogea, mkono unakwenda kumgeuza, halafu unarudi. Anasimama akitazama mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga. Hapa hatuambiwi habari za zamani, jambo linatendeka mbele ya macho yetu. (Na kama ulikuwa unachezea simu, ule mkono umekupita. Weka simu mbali, jamani.)

Ukishaona sehemu ya namna hii, rudi nyuma. Usirudie msimu mzima, chagua sehemu mbili tatu za mwanzoni. Mimi nilirudi pale rafiki wa zamani wa Walter, tajiri, anapojitolea kulipia matibabu yake naye anakataa. Mara ya kwanza nilidhani ni heshima ya mtu asiyependa kusaidiwa. Niliporudia nikaona kiburi kitupu: mtu aliye tayari kupika dawa za kulevya kuliko kusema asante. Nilikuwa nimemtetea kwa hoja ya ugonjwa na familia, kumbe waandishi walishanionyesha ukweli mapema.

Hicho ndicho kipimo changu pia cha kutambua sehemu iliyoandikwa kwa ustadi. Ikiwa imeandikwa vizuri, matukio ya nyuma yanapata maana mpya. Ikiwa ni hila tu ya kututoa machozi, utoto wa shida unaletwa ghafla, mara nyingi mhusika akiwa karibu kufa, na ukirudi nyuma hukuti hata dalili yake. Hizo mimi huzipita bila kubadili msimamo.

Video fupi za mtandaoni nazo usizitegemee. Maneno ya Jaime yakikatwa peke yake ni hotuba nzuri tu. Yanauma kwa sababu umemchukia kwa misimu miwili.

Na usikubali kulazimishwa kusamehe. Kumwelewa mtu ni jambo moja, kumwachilia ni jingine. Nina rafiki ambaye machozi yalimtoka kwenye tukio la bafuni, lakini hadi leo hataki kumsikia Jaime. Nikianza kumtetea ananiuliza swali moja tu: na yule mtoto? Sijapata jibu la kumpa.