Simu yangu inalala kwenye droo ya cherehani

Mwezi Juni mwaka jana nilichoma kitenge cha mteja. Pasi ya mkaa iko juu ya kitambaa, mimi niko kwenye simu nahesabu laiki za gauni nililoposti asubuhi. Harufu ndiyo iliyonishtua. Nililipa kitenge kizima, na yule dada hajakanyaga tena kibandani kwangu hapa Mwanjelwa.

Kitenge kinalipika. Wiki hiyohiyo mama alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi. Usiku tumezunguka jiko, baridi ya Mbeya mnaijua, akaanza kunisimulia ugomvi wa mpaka wa shamba. Simu ikatetemeka. Nikachungulia mara moja tu. Kuinua kichwa, mama anamenya ndizi kimya. "Maliza kwanza, mwanangu," akasema. Ile habari hakuiendeleza.

Kwa nini mkono unakwenda wenyewe? Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwafunza njiwa kudonoa kitufe wapate chakula. Chakula kilipokuja kwa kubahatisha, walidonoa bila kuchoka, na hata kilipokatwa walichelewa kuacha. Nilijiona mimi kabisa katika njiwa wale. Dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, haisubiri raha ifike. Inachemka pale unapotarajia kitu usichokuwa na hakika nacho. Leo laiki mbili, kesho mia. Na gazeti angalau lina ukurasa wa mwisho, simu haina.

Nilijaribu kufuta kila kitu. Siku nne tu, wateja wangu wanaagiza kwa WhatsApp, ningekula nini? Kilichonisaidia ni kuzima arifa zote isipokuwa simu za kupigwa, na kuifungia kwenye droo cherehani inapotembea. Wateja wanajua najibu saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Waliolalamika ni wawili.

Tiki za bluu nazo nilizima. Hapo nikupe tahadhari: ukiwa na mwenza, mwambie kabla. Mimi sikusema, na mume wangu alininunia siku mbili, "unaficha nini?" Tangu WhatsApp ilete tiki hizo mwaka 2014, kusoma bila kujibu imekuwa kesi ya ndoa.

Mama alirudi mwezi wa kumi. Simu ikaingia droo, nikamuuliza, ule mpaka uliishaje?

"Aa, ule ulikwisha zamani," akasema, akasogeza kigoda. "Sasa sikia ya ng'ombe."