Nilikwenda kuigiza, nikakabidhiwa kitabu cha jukwaa

Swali la wiki hii linauliza ni kazi gani ya likizo iliyobadilisha namna tunavyoitazama fani tunayoisomea. Kwangu ni uanagenzi katika kampuni ndogo ya maigizo, kwenye mji mdogo, wakati wa likizo ndefu iliyopita. Nasomea sanaa za maonyesho, na nilipokwenda kuripoti nilikuwa na hamu moja tu, kuigiza. Nafasi ya kuigiza nilipewa, tena ndogo: mjumbe anayeingia, anatoa habari, anaondoka. Muda wangu uliobaki wote ulikuwa mikononi mwa msimamizi wa jukwaa, na yule mama ndiye aliyenionyesha onyesho linasimamaje.

Chombo chake kikuu kilikuwa kitabu cha jukwaa. Ni faili nene lenye mswada wa mchezo, umepangwa ili kila ukurasa uwe na nafasi pana ya kuandikia. Katika mazoezi humo huandikwa mienendo yote: nani anavuka kwenda wapi, kwa neno lipi, kiti kimeelekea upande gani. Huandikwa kwa penseli, maana kesho mwongozaji ataamua vingine. Siku za kufungua mchezo zikikaribia huongezwa ishara za taa, za sauti, za pazia na za waigizaji wanaosubiri kuingia. Kila ishara ina namba, na kila namba imefungwa kwenye neno mahsusi, au kwenye kitendo kama mkono kugusa kitasa. Onyesho likianza, msimamizi huvaa vipokea sauti na kuita: "Taa 14, tayari." Fundi wa taa hujibu, "Tayari." Kisha kimya, mpaka neno lile lifike: "Taa 14, piga!"

Kimya hicho ndicho kilichonishika. Darasani tulifundishwa kwamba mwigizaji akinyamaza jukwaani, kimya ni chake, akitawale. Nikiwa gizani pembeni ya jukwaa niliona kwamba kimya kile kinabebwa na watu kadhaa kwa pamoja: mwigizaji anayekivuta, fundi aliyeweka kidole juu ya kitufe, na msimamizi anayesikiliza pumzi ya mwigizaji ili ajue usiku wa leo kitakuwa kirefu au kifupi kuliko jana. Taa ikizimwa mapema kidogo tu, uigizaji wote wa dakika ile unapotea, na mtazamaji hatajua kilichopotea. Tangu hapo siwezi kutazama mchezo bila kuwawazia waliofichika.

Mwishoni mwa msimu alinikabidhi kitabu niongoze onyesho la mchana, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Katikati ya mchezo mwigizaji mmoja aliruka karibu nusu ukurasa. Ndani ya maneno yaliyorukwa mlikuwa na sauti ya mvua na mwanga wa taa ya mezani. Mvua niliiacha, kwa kuwa hakuna aliyeitaja tena baadaye. Taa ya mezani haikuachika: mwigizaji anayefuata huingia akauliza nani ameiwasha. Nikaiita mara moja, fundi akapiga, mchezo ukaendelea. Yule mama hakusema kitu, aligeuza tu ukurasa pamoja nami. Furaha ya dakika ile sijawahi kuipata kwenye makofi.

Kazi nyingine ilikuwa kukagua milango ya kutokea kila jioni kabla watazamaji hawajaingia, kwa kuisukuma kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Sababu yake ni ya kutisha. Tarehe 30 Desemba 1903, katika jumba la Iroquois mjini Chicago, lililokuwa na wiki chache tu tangu lifunguliwe, taa ya jukwaani iliwasha pazia wakati wa onyesho la mchana. Pazia la kuzuia moto lilikwama likishushwa. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa, mingine ilifunguka kwa ndani, mingine ilifichwa na mapazia ya mapambo. Watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Kanuni za usalama katika kumbi zilikazwa baada ya hapo. Mwanafunzi wa maigizo anaweza kuhitimu bila kulisikia jambo hili, nami naona hiyo si sawa.

Kwa wanaotafuta nafasi, ushauri wangu ni huu: msianze na jina la kampuni, ulizeni kwanza mtakabidhiwa nini. Jumba kubwa lina mtu wa kila kazi, na mwanagenzi huishia kutazama. Kampuni ndogo haina watu wa ziada, basi asubuhi utapaka rangi mandhari, mchana utashona kifungo cha maleba, na usiku wa mwisho utakuwa na nyundo mkononi ukibomoa ulichokijenga. Barter Theatre ilianza hivyo katika mji mdogo wa Abingdon, jimboni Virginia, mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ikiwaruhusu watazamaji kulipa kiingilio kwa mazao ya shambani. Gregory Peck alipitia hapo kabla ya kuwa nyota wa filamu.

Udogo huo lakini usiwe kisingizio. Saa ni ndefu mno, na kampuni nyingi za aina hii haziwalipi wanagenzi. Matokeo yake, nafasi huchukuliwa na wale ambao wazazi wao wanaweza kuwagharimia likizo nzima, na wenye vipaji wasio na uwezo hubaki nje. Kampuni isiyomudu mshahara itoe angalau malazi, chakula na nauli, iandike saa za kazi kwenye makubaliano, na iheshimu siku ya mapumziko. Vyuo navyo visimpeleke mwanafunzi mahali pasipo na makubaliano hayo.

Mimi nimeomba kusimamia jukwaa katika mchezo wetu wa kuhitimu. Nafasi za kuigiza nimewaachia wenzangu.