Kulipia Viti Vitupu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Gharama za Programu

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu fedha ambazo kampuni hutumia kulipia programu za kompyuta. Tumezifupisha bila kubadili maana yake.

Ndugu Mshauri, ninasimamia fedha katika kampuni ya usanifu wa majengo yenye wafanyakazi 34. Zamani tulinunua programu mara moja na kuisahau. Leo gharama hiyo inashika nafasi ya tatu baada ya mishahara na pango, na kila mwaka ankara zinakua ilhali sisi hatujaongezeka. Mkurugenzi ametaka nipunguze robo ya gharama hizo kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na vijana wa kompyuta wanasema dawa ni kuhamia programu za bure. Nianzie wapi? — Mtunza Fedha

Anzia kwenye daftari, ndugu yangu, wala usiguse programu yoyote kwanza. Yaliyowapata nyinyi yamewapata wengi, kwa sababu biashara ya programu imeacha kuwa ya kuuza na imekuwa ya kupangisha. Mwezi Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu hayatauzwa tena kwa leseni ya kudumu, bali yatalipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Microsoft ilikuwa imekwisha kuanza kuipangisha Office tangu 2011, na Broadcom, mara tu baada ya kuinunua VMware mwishoni mwa 2023, ilisitisha uuzaji wa leseni za kudumu za programu ambazo kampuni nyingi huzitegemea kuendesha seva zao. Mnunuzi hulipa akamaliza, lakini mpangaji hulipa mpaka siku atakayohama, na akisahau kutoa taarifa ya kuhama huendelea kulipia chumba kitupu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mali inayopotea kimya kimya kama leseni. Chukua taarifa za benki na za kadi zote za kampuni kwa miezi 12 kamili, kwa maana usajili unaolipwa mara moja kwa mwaka hautauona ukitazama miezi mitatu peke yake. Pitia pia madai ya wafanyakazi waliotumia fedha zao wakarudishiwa. Mkuu wa kitengo anayetaka programu leo hii hailipii kwa kupitia kwako. Huilipia kwa kadi yake, kisha malipo hayo huingizwa vitabuni chini ya "matumizi mengineyo", mahali ambapo hakuna anayechungulia. Kwa kila malipo andika jina la programu, kazi inayofanya, nani aliiomba, viti vingapi (yaani nafasi za watumiaji) vinalipiwa na tarehe ambayo mkataba utahuishwa.

Baada ya hapo, omba kwa msimamizi wa kila programu orodha ya akaunti pamoja na tarehe ambayo kila mwenye akaunti aliingia mara ya mwisho, kisha iweke orodha hiyo kando ya orodha ya mishahara. Nakutahadharisha mapema kwamba utakutana na majina ya watu waliokwisha ondoka. Mara nyingi sababu yake si uzembe, bali ni hofu: mtu ameacha kazi, barua pepe zake zina mawasiliano ya wateja, na hakuna aliyethubutu kuifunga akaunti. Faili za mtu huyo zihamishiwe kwa msimamizi wake, na kisanduku chake cha barua kigeuzwe kuwa cha pamoja. Katika Microsoft 365, kwa mfano, kisanduku cha pamoja kisichozidi GB 50 hakihitaji leseni yake chenyewe. Sisemi haya kwa kujiona bora. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kwa miezi 19 programu ya kupanga ratiba ya mradi uliokuwa umekwisha, na niliigundua kwa bahati tu, kadi yangu ilipoisha muda wake na mwenye programu akaniandikia kunidai.

Viti vitupu vikishaondolewa, tazama daraja la leseni zilizobaki. Katika fani yenu jambo hili ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu programu za uchoraji ni ghali na si kila anayegusa mchoro huuchora. Anayefungua mchoro ili auone, aupime na auchapishe hahitaji AutoCAD kamili, kwa kuwa Autodesk, mtengenezaji wa AutoCAD, yenyewe hutoa DWG TrueView bila malipo kwa kazi hiyo. Na anayechora kwa vipimo viwili pekee anaweza kutosheka na AutoCAD LT. Waulize wachoraji wenyewe, mmoja mmoja, nini wanachokitumia kwa wiki. Ukiwauliza wakiwa pamoja, kila mmoja atasema anahitaji kila kitu.

Pengine utakuta pia programu mbili au tatu zinazofanya kazi moja, kama vile mikutano ya video inayolipiwa kwa kampuni mbili ilhali nyote mnatumia moja. Hapo hapahitaji maelezo marefu.

Kilichobaki ni mazungumzo na wauzaji, nayo yana saa yake. Mikataba mingi hujihuisha yenyewe na hudai taarifa ya kusitisha siku 30, 60 au hata 90 kabla, kwa hiyo tarehe ya kuandika kwenye kalenda ni ile ya mwisho wa kutoa taarifa. Ukisubiri ankara ije, umekwisha kuchelewa. Muuzaji atakupa punguzo ukikubali kujifunga kwa mwaka au miaka mitatu. Punguzo ni zuri, lakini mikataba ya namna hiyo kwa kawaida haikuruhusu kupunguza viti katikati ya njia, na ukijifunga kabla ya kuhesabu utakuwa umepata bei nafuu ya vitu usivyovihitaji. Jifunge kwa idadi ya watu unaojua kwa hakika kwamba watakuwepo, na wa ziada walipiwe mwezi kwa mwezi hata kama kila kiti kitagharimu zaidi.

Siwezi kukuahidi robo bila kuziona hesabu zako. Hata hivyo ningemwomba mkurugenzi asubiri orodha hiyo kabla ya kuamua habari ya kuhama, ambayo ni shughuli nyingine kabisa, kama barua inayofuata inavyoonyesha.

Mshauri, salaam. Mwenye kampuni amesikia kwamba LibreOffice haina malipo, naye ameagiza Microsoft Office iondolewe katika kompyuta zetu zote 60 ifikapo mwezi ujao. Mimi ni mhasibu, na majedwali yangu yana makro (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya jedwali) zilizoandikwa na mtu ambaye hayupo tena. Nikipinga nitaonekana nachukia mabadiliko. Niseme nini? — Dada wa Hesabu

Usipinge, dada; omba muda wa kupima. LibreOffice si kitu cha kubeza. Ilianza Septemba 2010, pale waendelezaji wa OpenOffice.org, programu ya ofisi ya bure, walipojitenga na kuunda taasisi yao, na faili zake huhifadhiwa katika muundo wa ODF, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa na ISO mwaka 2006. Kwa barua, ripoti na majedwali ya kawaida inatosha kabisa. Inapokwama ni pale hasa ulipopataja wewe: makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel nyingine hufanya kazi, nyingine hufanya nusu, na nyingine hukataa. Zile zinazokataa zina nafuu, kwa kuwa unaziona. Zinazofanya nusu ndizo zitakazokupa jumla yenye kasoro bila kukuambia.

Kuna mifano miwili ambayo mwenye kampuni angefaa kuisikia. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows na kuhamia mfumo wa bure wa Linux, na ilipofika 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Lakini mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurudi Windows. Wapo wanaosema ilikuwa siasa, na wapo wanaosema watumishi walichoka, na ubishi huo haujaisha. Gendarmerie, polisi wa kijeshi wa Ufaransa, ilipita njia nyingine: ilibadili programu za ofisi mwaka 2005, ikabadili kivinjari mwaka 2006, na ilipoanza kubadili mfumo wenyewe wa kompyuta mwaka 2008, askari walikuwa wamekwisha zoea programu watakazozikuta humo. Hao hawakurudi nyuma. Nionavyo mimi, utaratibu huo wa hatua kwa hatua umesaidia sana, na agizo la "ifikapo mwezi ujao" linaukosa.

Pendekezo la kumpelekea ni hili. Chagueni faili 20 zinazotumika zaidi ofisini, mzifungue katika programu zote mbili, na mlinganishe jumla moja baada ya nyingine. Kisha wahamisheni wale ambao kazi yao ni kuandika na kusoma, na muwaache na Office wahasibu pamoja na wale wanaobadilishana hati na wateja kila siku. Hata wakibaki watu wanane, kampuni itakuwa imeokoa leseni 52 bila kuhatarisha vitabu vyake. Na katika hesabu ya akiba mwingize saa za mafunzo na saa za fundi, kwa maana wahenga walisema bure aghali, na hapa aghali hiyo hulipwa kwa muda wa watu.

Tuko watano katika ofisi ya matangazo, tunatumia akaunti moja na nenosiri moja kwa programu ya picha. Tena fundi wetu ametuwekea programu nyingine ambayo haidai leseni kabisa, ameifungua mwenyewe. Kuna ubaya? — Wabana Matumizi

Upo. Nakala iliyofunguliwa kwa ujanja kwa kawaida huzuiwa kupokea masasisho ili isigundulike, na kompyuta isiyosasishwa ni mlango ulio wazi. Kirusi cha WannaCry kilichoenea duniani mwezi Mei 2017 kilipita katika kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake (sasisho la kuiziba) tangu Machi, na walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Aidha, hamjui fundi huyo aliweka nini kingine pamoja na programu hiyo. Upande wa sheria nao si wa kuchezea, kwani wenye programu hudai fidia, na mara nyingi anayetoa siri ni mfanyakazi aliyeondoka kwa hasira.

Akaunti ya pamoja ina hatari iliyo ndogo kidogo, ila huvunja masharti ya leseni nyingi, na kazi ya mteja ikifutwa hamtajua ni nani aliyeifuta. Ondoeni zote mbili. GIMP kwa picha na Inkscape kwa michoro ni za bure kihalali. Anayezimudu azitumie, na leseni mlipie wale wawili au watatu wasioweza kufanya kazi bila programu mliyoizoea.

Programu yetu ya kuagizia bidhaa tumeiandika wenyewe, nayo inakaa katika seva za kukodi kwenye wingu. Wateja hawajaongezeka, lakini ankara imepanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mtoa huduma anatuhimiza tujifunge miaka mitatu ili tupate punguzo. Tukubali? — Mwenye Duka la Mtandaoni

Bado. Ankara iliyopanda bila wateja kupanda ina kitu ndani yake, na ukijifunga sasa utakuwa unakijengea kitu hicho nyumba ya miaka mitatu. Mwambie mhandisi wako aweke lebo kwenye kila seva na kila diski: ni ya kazi gani, na ni ya nani. Seva za majaribio ndizo ningezishuku kwanza. Wiki ina saa 168, na waandishi wa programu wanaofanya kazi saa 10 kwa siku kwa siku 5 huzihitaji kwa saa 50 tu. Zikizimwa usiku na mwishoni mwa wiki, zaidi ya theluthi mbili ya malipo ya saa za seva hizo huondoka, na ratiba ya kuzizima huandikwa kwa nusu siku.

Tazama pia data inayotoka nje ya wingu, kwa sababu kuingiza data kwa kawaida hakulipiwi ilhali kuitoa hulipiwa, na picha kubwa za bidhaa zisizopunguzwa ukubwa zinaweza kula fedha nyingi bila wewe kuuza kitu. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona kiwango ambacho matumizi hayashuki chini yake hata usiku wa manane. Kiasi hicho ndicho cha kujifungia, tena kwa mwaka mmoja kwanza.

Kuhusu diski zilizoachwa na seva zilizokwisha futwa, ambazo nina hakika zipo, usizifute siku hiyo hiyo. Chukua nakala rudufu, ambayo uhifadhi wake ni nafuu, andika tarehe juu yake, kisha ifute diski. Miezi mitatu ikipita bila mtu kuiulizia nakala hiyo, ifute nayo.