Miaka sita ya tembo, kisha jiwe la nyumbani

Wiki iliyopita kijana wa Mafinga ameniandikia: "Kaka, nachora vizuri ila siuzi. Nakosea wapi?" Nilicheka kwa uchungu. Swali hilo nimelibeba miaka sita.

Nilikuwa nachora tembo, twiga na Mmasai mwenye mkuki jua likizama, nikiwalenga watalii wanaopita Iringa kwenda hifadhi ya Ruaha. Siku moja nikapeleka picha nane kwa mwenye duka la sanaa. Alizipekua kama anachagua mitumba, akasema mbele ya wateja, "Hizi zimejaa Dar. Wewe si Mhehe? Kwenu hakuna kitu?" Nilizirudisha kwa bodaboda, mvua inanyesha.

Kwa hasira nikaenda Kalenga kwa bibi. Alikuwa anasuka kikapu cha milulu, na bibi akisuka husimulia. Nikamuuliza habari za Gangilonga, lile jiwe linaloongea. Shuleni Mkwawa, chifu wetu aliyepigana na Wajerumani, nilimsoma kwa tarehe: vita vya Lugalo 1891, kifo 1898, fuvu lake kurudishwa kutoka Ujerumani 1954. Bibi hana tarehe hata moja. Ana upepo unaolia kwenye jiwe usiku, na wanawake waliokimbia vita wakiwa wamefunga mbegu kiunoni. Mbegu! Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia habari za mbegu.

Nikawachora wale wanawake. Mkwawa hayumo kabisa, na wazee wawili walinigombeza kwa hilo. Mwezi uliopita picha imeondoka kwa laki sita. Mniruhusu nijisifu kidogo.

Basi mdogo wangu, kaa na wazee. Siku ya kwanza usiwatolee simu ya kurekodi, watanyamaza. Salimia kwa Kihehe, "Kamwene", kaa chini, shika kazi wanayoshika. Kisha kaa tena. Kuchora fuvu la Mkwawa peke yake hakukufanyi msanii wa Kihehe.

Shida yetu Nyanda za Juu ni haya. Mtu kwao Tukuyu, kuna migomba hadi mlangoni na Daraja la Mungu, lile daraja la mawe la asili, liko jirani, yeye anachora minazi! Hata mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, tunaiga ndege wake tu. Ule uthubutu wa kuchukua rangi za baiskeli na kuchorea anachokijua, huo hatuuigi.

Yule mwenye duka amenipigia mara mbili tangu picha iuzwe. Sijapokea.