Maswali ya Wasomaji: Akiba ya Farasi wa Kwanza

SWALI: Mshauri, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 31, ninaishi Ongata Rongai na ninafanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Nairobi. Kwa miaka minne nimejifunza kupanda farasi huko Karen kila Jumamosi, na sasa ninatamani kuwa na wangu. Akiba yangu katika Sacco imefika Sh 200,000. Kuna mtu anayeniuzia farasi jike wa miaka sita, aliyeacha mbio za Ngong Road mwezi uliopita, kwa bei iliyo chini ya akiba hiyo, naye anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Baba ana ekari mbili Kiserian ambako ningemfuga bila kulipa kodi. Je, nimnunue, kisha nichukue mkopo wa Sacco kugharamia yaliyobaki?
Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Dada, salamu zako nimezipokea, na miaka minne ya kuamka mapema kila Jumamosi inanionyesha kwamba hamu hii si ya juzi. Hata hivyo, farasi huyo mwache, na mkopo usiuchukue. Farasi akitunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo huyo wa miaka sita anaweza kuwa mikononi mwako kwa miaka 20 na zaidi, na katika muda wote huo bei uliyomnunulia itakuwa sehemu ndogo sana ya fedha zitakazokutoka. Jambo la kupima ni kama mshahara wako unaweza kumtunza kila mwezi, Januari ikiwemo, huku ukilipa nyumba, nauli na chakula chako mwenyewe.

Chukua nyasi peke yake. Farasi wa kilo 450 huhitaji kwa siku nyasi kavu zinazokaribia asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 9 hivi. Kwa mwezi ni kilo 270, na robota likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 18, kabla hujanunua pumba wala nafaka. Bei ya boma rhodes, yaani nyasi zinazolimwa kwa ajili ya malisho, hupanda kiangazi kikikaza, ndiyo maana wenye ghala hununua mapema, nyasi zinapovunwa kwa wingi baada ya masika. Robota lenye ukungu usilipokee hata ukipewa bure, kwa maana farasi hawezi kutapika, na akila kibaya anaweza kupata msokoto wa tumbo na kufa kabla ya mapambazuko.

Sasa nenda kwenye zizi ambalo ungependa kumweka, ukae na mwenyewe, umwombe akuhesabie kila kitu: nafasi ya banda, nyasi, maranda ya kulalia, mshahara wa saisi (mtunza farasi), fundi wa kwato kila wiki sita hadi nane, dawa ya minyoo, chanjo, na daktari wa kukagua meno walau mara moja kwa mwaka. Yale ya mwaka yagawanye kwa 12. Tuseme, kwa mfano tu, jumla imekuwa Sh 35,000 kwa mwezi. Kuanzia mwezi huu, siku ile ile mshahara unapoingia, ziondoe hizo Sh 35,000 kana kwamba farasi yuko bandani anasubiri nyasi zake, na ufanye hivyo kwa miezi 12 bila kuruka hata mmoja. Ukishindwa mwezi wa nne, utakuwa umejua bila mnyama yeyote kulala njaa. Ukifaulu, utakuwa na Sh 420,000, nazo ndizo za kununulia farasi, matandiko, hatamu na lijamu, huku nyingine zikibaki kuwa akiba ya dharura.

Fedha hizo zisikae pamoja na amana zako za Sacco. Kwa kawaida amana hizo ni dhamana ya mikopo na huwezi kuzitoa mpaka uache uanachama, na hata hapo hungoja muda wa taarifa yako ya kujiondoa ukamilike. Fungua akaunti nyingine, au uweke katika mfuko wa soko la fedha (money market fund), ambako unaweza kuzipata ndani ya siku chache, na kiasi fulani kiwe karibu zaidi ya hapo. Ninasisitiza hili kwa sababu lilinifika. Katika mwaka wangu wa pili wa kufuga, saisi alinipigia simu saa nane usiku: farasi alikuwa amelala, akijibingirisha, akiinuka na kuutazama ubavu wake, kisha analala tena. Nilipofika shingo yake ilikuwa imelowa jasho katika baridi ya Julai, na nilipoweka sikio tumboni sikusikia mngurumo hata mmoja. Daktari alikuja usiku huo, na malipo yake yalikuwa kwenye simu yangu tayari. Farasi alipona. Ningekuwa nangoja mkopo upitishwe na kamati, ningemzika.

Kuhusu Kiserian, ninaelewa kishawishi cha kuepuka kodi ya banda. Lakini farasi ni mnyama wa kundi, na akiachwa peke yake huhangaika, hutembea kando ya ua kutwa na kukonda. Ekari mbili za upande huo hazitamshibisha kiangazi, na kama ua ni wa seng'enge, ni hatari kwa miguu yake. Tena ataishi mbali na jicho lako siku sita za juma.

Kuna ugonjwa ambao kila mnunuzi wa Nairobi lazima aujue, nao ni tauni ya farasi ya Afrika. Huenezwa na visubi, huongezeka baada ya mvua kubwa, hauna tiba, na huua farasi wengi sana wasio na kinga. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua, nasi wa Lang'ata na Rongai tunapakana na pundamilia wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Chanjo ni ya kila mwaka, na farasi huingizwa bandani kabla ya jua kutua, kwa kuwa visubi huuma hasa kati ya jioni na alfajiri. Zizi lisilofuata utaratibu huo usilipe hata shilingi.

Huyo jike anaweza kuwa mnyama mwema, lakini farasi aliyetoka mbioni mwezi uliopita anahitaji miezi ya kupumzika na kufundishwa upya na mtu mzoefu, maana alichofunzwa ni kukimbia. Muuzaji anayekuharakisha naye asikuuzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka wako wa akiba utakapokwisha, tafuta farasi mtulivu wa miaka 10 hadi 15. Mfikie kabla hajatandikwa. Inua mguu, toa uchafu, unuse ile sehemu ya pembetatu katikati ya unyayo: iliyo nzima hunukia udongo tu, inayooza hunuka vibaya. Weka kiganja juu ya kila kwato, uangalie kama kuna iliyo na joto kuliko wenzake. Kisha akimbizwe polepole kwenye ardhi ngumu. Kichwa kikiinuka kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo unamuuma. Halafu mlete daktari uliyemlipa wewe, naye achukue damu, kwa sababu dawa ya maumivu huweza kuficha kilema kwa siku moja ya mauzo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 10 anajifunza kupanda. Nimeambiwa nimnunulie farasi mchanga ili wakue pamoja. Ni kweli?
Baba, South B

JIBU: Hapana, mzee wangu. Mtoto asiyejua na mnyama asiyejua hawawezi kufundishana, na anayeanguka ni mtoto. Kwa sasa tafuta poni, yaani farasi wa kimo kifupi, aliyekomaa na kuzoea watoto, zungumza na mwenyewe, umlipie sehemu ya gharama za mwezi ili binti ampande siku mbili au tatu kwa wiki, na siku hizo awe anamsugua, anamsafishia kwato na kubeba maji mwenyewe.